Bustani ya Shule Isife Likizo

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na wazee wa vijiji, Kaunti ya Kilifi



Bustani nyingi za shule huanza vizuri. Watoto huja na majembe kutoka nyumbani, mwalimu hupima vitanda kwa kamba, na baada ya wiki tatu au nne mchicha na majani ya kunde huwa tayari kuchumwa. Kisha shule hufungwa. Mbuzi hupenya penye ua uliolegea, wa kumwagilia hayupo, na watoto wakirudi hukuta vijiti vikavu. Mtoto aliyebeba maji muhula mzima akiona hivyo, muhula unaofuata jembe atalishika shingo upande.

Hilo ndilo la kuzungumziwa kwanza, kabla ya mbegu na mbolea. Hapa Pwani kalenda ya shule na kalenda ya mvua hazipatani. Masika hushika mwezi wa Aprili, na sehemu kubwa ya Aprili watoto wako nyumbani. Vuli hunyesha Oktoba na Novemba, lakini muhula wa tatu huisha mwishoni mwa Oktoba na shule hazifunguliwi hadi Januari. Shule inayosubiri watoto warudi ndipo ipande huikosa mvua ya kwanza. Inayopanda Oktoba, mboga zake huwa tayari wakati madarasa ni matupu.

Kwa masika, vitanda vitayarishwe Machi, na kunde zipandwe wiki ya mwisho ya muhula, hata kama udongo ungali mkavu. Zitangoja mvua. Kwa likizo ndefu ya Disemba, familia nne au tano zinazoishi karibu na shule zigawane wiki, na familia inayomwagilia ndiyo ichume. Huo si wizi wa mboga za shule, ni malipo ya kazi. Majina yaandikwe daftarini kabla ya siku ya kufunga, na mzee wa kijiji awe na nakala, maana ahadi ya mdomo husahaulika mapema.

Maji ni mtihani mwingine. Waliopitia ukame wa 2020 hadi 2023 kule Ganze na Magarini hawahitaji kuelezwa. Ndiyo maana kitanda kilichoinuliwa, kama vinavyochorwa vitabuni, hakifai sana kwenye mchanga wetu, kwa kuwa hukauka upesi. Kitanda kichimbwe kishuke chini kidogo, kichanganywe samadi ya mbuzi iliyooza vizuri (mbichi huunguza mizizi), kisha kifunikwe kwa nyasi kavu ili jua lisinyonye unyevu. Maji ya kunawa mikono yakingwe kwa beseni na kumwagwa kwenye udongo, si juu ya majani, kwa sababu ya sabuni.

Kuna mzazi atakayeuliza kwa nini dawa ya dukani isitumike, vidukari wakivamia kunde. Dawa hizo zina siku za kungoja kabla ya kuchuma, na mboga ya shule huchumwa leo ikapikwa leo. Tena wanaoishika ni watoto. Majani ya mwarobaini hayauzwi: yatwangwe, yalowekwe usiku kucha, yachujwe, maji yake yanyunyizwe jioni. Yarudiwe kila baada ya siku chache, kwani hayaui mara moja.

Mambo mawili huharibu bustani hata pasipo ukame. La kwanza ni kumpeleka mtoto aliyechelewa akapalilie kama adhabu. Huyo anafundishwa kwamba shamba ni jela. La pili ni mboga kuishia nyumba za watu wazima. Watoto huona, hata wasiposema. Kinachochumwa kiingie kwanza kwenye sufuria ya shule, na panapokosekana jiko, watoto wagawiwe mafungu ya kupeleka nyumbani kwa zamu.

Kuhusu nani aulizwe: kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za msingi ziko chini ya Serikali Kuu, ilhali chekechea na kilimo ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayetaka ushauri wa udongo au wadudu amtafute afisa wa kilimo wa wadi yake.

Mwisho ni mbegu. Mashina machache ya kunde yasichumwe majani; yaachwe yazae, maganda yakauke juu ya mti. Mbegu zianikwe, zichanganywe na majivu makavu, zitiwe kwenye chupa iliyokauka na kizibo kikazwe. Chupa moja ibaki ofisini kwa msimu ujao. Nyingine igawiwe watoto wa Gredi ya Sita wanapomaliza, kila mmoja aondoke na kiganja chake.