Mimba Ziharibikazo Mara kwa Mara

Mke aharibikiwapo mimba mara tatu, wako wamrudishao kwao, wakisema amelogwa. Sivyo. Virusi vya rubela huweza kumwua mtoto tumboni. Lakini aliyekwisha kuugua rubela hupata kinga, wala si rahisi imrudie. Kwa ajili hiyo watoto wa Tanzania huchanjwa tangu mwaka 2014. Kwa wanawake wengine, askari walindao mwili hukosea adui, damu ikaganda katika kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula. Hao wakipimwa, daktari huwapa aspirini na heparini, na wengi huzaa salama. Basi, ewe mume, usimfukuze mkeo. Fuatana naye hospitali, mkapimwe nyote wawili.