Jua Juu ya Paa, Giza Ndani ya Nyumba



Katika habari za maendeleo husikika mara nyingi hesabu ya paneli za jua: kijiji hiki kimepata kadhaa, shule ile imepata zake, na zahanati nayo imekwisha kuwekewa. Hesabu hiyo ni njema, lakini ni hesabu ya vitu vilivyoko juu ya paa. Mwananchi haishi juu ya paa. Anaishi chini yake, kati ya kuta zake, na huko ndiko tunakopaswa kwenda kuuliza kama mwanga umefika au haukufika. Katika mazungumzo haya tutalitazama jambo hilo katika mwambao wa kaskazini wa Jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia mdomo wa Mto Ruvuma, kupitia Quionga na Palma, hadi Mocímboa da Praia.

Tumeuchagua mwambao huo kwa sababu mbili. Kwanza, watu wake ni jirani zetu na ndugu zetu. Lugha zao, dau zao na nyumba zao ni za ukoo mmoja na zile za Mtwara, Kilwa na Unguja. Pili, huko suala la taa ya nyumbani limefungamana na suala la usalama. Tarehe 5 Oktoba mwaka 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa. Mwezi Agosti 2020 mji huo ulitekwa, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Majeshi ya Msumbiji na ya Rwanda yaliukomboa mji wa Mocímboa da Praia mwezi Agosti 2021, na majeshi ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao, yalishiriki katika ulinzi wa jimbo hilo kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024. Mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Wengi wamerudi, na aliyerudi akakuta nyumba imeteketea hana budi kujenga upya, akianza na boriti ya kwanza.

Katika mwaka huo wa 2020, kituo cha kupozea umeme cha Awasse kiliharibiwa, na wilaya za kaskazini, zikiwamo Mocímboa da Praia, Palma na Mueda, zikaingia gizani. Msumbiji si nchi maskini wa nishati. Bwawa la Cahora Bassa katika Mto Zambezi lina uwezo wa megawati 2,075. Chini ya bahari ya Cabo Delgado imegunduliwa gesi nyingi tangu mwaka 2010, na shehena ya kwanza ya gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika ilisafirishwa Novemba 2022. Lakini umeme unaosafiri mamia ya kilomita juu ya nguzo hukatika kwa pigo moja tu, na gesi inayopakiwa melini haiwashi taa katika nyumba ya mvuvi. Paneli moja juu ya paa moja haina kituo cha kuharibiwa mbali na macho ya mwenyewe. Hiyo ndiyo maana yake kubwa mahali kama hapo.

Serikali ya Msumbiji imelitambua jambo hilo. Mwaka 1997 iliunda mfuko wa nishati uitwao FUNAE, ambao kazi yake kubwa ni kupeleka nishati vijijini, na mwaka 2018 ikatangaza mpango wa kuwafikishia wananchi wote umeme ifikapo mwaka 2030. Huo ni upande wa taifa. Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Nyumba ya kawaida ya mwambao huo imesimama juu ya miti na fito, imekandikwa udongo na kuezekwa makuti. Ni nyumba ya akili, kwa kuwa makuti hupoza joto, na udongo hupatikana bila fedha. Lakini madirisha yake ni madogo au hayapo, ukuta ni wa rangi ya udongo, na mahali kuni zinapowaka kwa miaka, kenchi na kuta zimeshika masizi meusi. Balbu za kisasa za wati 5 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 40. Ukiitundika balbu hiyo katika chumba cheupe, mtoto atasoma akiwa pembeni. Ukiitundika katika chumba chenye masizi, mwanga utamezwa na ukuta, na mtoto huyo huyo itambidi akae chini ya balbu kama aliyekaa chini ya mwembe. Paneli ni ile ile na balbu ni ile ile. Kilichotofautiana ni ukuta.

Wazee wetu waliyafahamu haya kabla ya umeme. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazina urefu wa kuvuka nafasi pana. Mafundi wakazipiga kuta lipu nyeupe ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, wakachonga na zidaka ukutani, na mwanga mdogo ulioingia kutoka uani ukarudishwa na weupe huo hadi ndani. Chokaa hiyo inafaa vilevile juu ya udongo uliosawazishwa vizuri. Kwa hiyo fundi anayeuza paneli bila kuuliza hali ya ukuta anamuuzia mwananchi nusu ya taa. Ndoo ya chokaa ni sehemu ya mtambo wa jua sawasawa na waya.

Turudi kwenye paa. Makuti hayabebi paneli kwa usalama. Hulegea, huvuja, hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na waya ulioungwa vibaya juu yake unaweza kuanzisha moto. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, na kila aliyekishuhudia anajua kwamba kitu kipana kilichofungwa ovyo juu ya nyumba huwa tanga. Kwa nyumba ya makuti, afadhali paneli isimame juu ya nguzo imara uani, au iwekwe katika fremu inayoweza kuteremshwa tufani inapotangazwa. Kwa kuwa Palma iko kusini mwa Ikweta, paneli ielekee kaskazini, yaani upande wa Ruvuma, na iinamishwe kidogo, kiasi cha nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iisafishe. Kivuli cha mnazi kikiangukia sehemu ndogo tu ya paneli, hupunguza nguvu kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Na chumvi ya bahari hula vyuma. Viungio vya waya vipakwe grisi, na paneli ifutwe kwa maji matamu.

Betri nayo inahitaji chumba chake katika fikira za mjenzi. Watu wengi huiweka chini ya kitanda au nyuma ya mlango, popote palipobaki. Betri ya risasi na tindikali hutoa hewa inayoweza kuwaka, kwa hiyo haifai kulala chumba kimoja na watoto. Joto pia huifupishia maisha. Mafundi hukadiria kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 juu ya kiwango chake, umri wake hupungua kwa nusu. Mahali pake ni penye kivuli na hewa, juu ya ubao, mbali na jiko, mahali ambapo mtoto hafiki. Waya wa kutoka kwenye betri uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwekwe karibu na betri yenyewe. Katika umeme wa volti 12, waya mwembamba uliozungushwa nyumba nzima hula nguvu kabla haijafika kwenye taa.

Iko pia hesabu ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuijua. Paneli ya wati 50, ikipata jua kali kwa saa 5, hutoa kiasi cha wati-saa 250 kwa siku, kabla ya kuondoa kinachopotea njiani. Balbu 4 za wati 5, zikiwaka saa 5, hula wati-saa 100. Kinachobaki kinatosha simu na redio, na kuiacha betri ikiwa na akiba kwa siku ya mawingu. Lakini pasi ya wati 1,000 ikitumika kwa saa 1 hula wati-saa 1,000, yaani mapato yote ya paneli hiyo kwa siku 4. Asiyeelezwa hesabu hii mapema huiua betri yake katika miezi ya mwanzo, kisha huwaambia jirani kwamba jua ni udanganyifu. Na chungu cha wali hakiivi kwa paneli ya ukubwa huo. Kuni zitaendelea kuwaka kwa muda, na ndiyo sababu jiko bora lenye njia ya kutolea moshi lahesabiwa pamoja na taa. Bila hilo, chokaa tuliyoisifu itakuwa nyeusi tena.

Halafu pana suala la nani anapata taa. Desturi imeweka taa ya kwanza sebuleni au barazani, kwa heshima ya mgeni. Heshima hiyo ni njema. Lakini mama anayechambua mchele na kutazama chungu usiku yuko uani, na kibatari chake kinafuka moshi usoni. Mkunga anayeitwa usiku hahitaji taa ya barazani. Nyumba yenye balbu 4 inaweza kumpa mgeni moja, jiko moja, chumba cha kulala moja, na njia ya kwenda chooni moja. Mpangilio wa namna hiyo hauongezi gharama yoyote ila gharama ya kufikiri. Picha za nyumba za kifahari zenye vioo vikubwa na taa za kila rangi hazina msaada hapa. Uzuri wa nyumba ya mwananchi ni kila kitu kuwa mahali kinapotumika.

Sasa, ndugu wanajeshi na askari polisi, jambo hili linawahusuni vipi? Linawahusu kwa njia tatu.

Kwanza, ninyi ndio mnaoingia katika nyumba za watu wakati wa msako. Askari asiyejua mtambo wa jua ulivyo ataona betri, waya zinazopita ukutani na kisanduku chenye kitaa chekundu, na moyo wake utashtuka. Askari anayejua ataufuata waya kutoka paneli hadi kidhibiti chaji, kutoka kidhibiti hadi betri, kutoka betri hadi balbu, na ataona kwamba kila waya una kazi yake ya halali. Kisichofuata mpango huo ndicho cha kuulizwa. Maarifa hayo madogo yanaweza kumwepusha mtu asiye na hatia na kukamatwa, na yanaweza kumwonyesha askari hatari ya kweli inapokuwapo.

Pili, paneli ni mali ndogo yenye thamani kubwa, nyepesi kubebwa na rahisi kuuzwa. Mwananchi aliyerudi katika kijiji kilichoteketea na kununua paneli ameweka akiba yake yote hadharani, juani, mbele ya macho ya kila apitaye. Paneli hiyo ikiibwa na kituo cha polisi kisiandike hata maelezo yake, mwananchi atajifunza kwamba amani iliyotangazwa si yake. Na mali ya raia si ngawira, hata pale nyumba inapoonekana haina mtu. Mwenyewe yuko njiani.

Tatu, ninyi wenyewe mnaishi katika kambi, vituo na vizuizi vya barabarani, na redio zenu za mawasiliano mara nyingi hutegemea jua hilo hilo. Kituo chenye kuta zilizopakwa chokaa, betri iliyowekwa penye hewa na taa inayoangaza meza ya kuandikia mashauri ni darasa kwa kijiji kizima. Hali ya vita inapolazimu taa zizimwe usiku, agizo hilo lielezwe kwa adabu na kwa sababu, na swichi ziwe karibu na mkono wa mwenye nyumba.

Ndugu wasikilizaji, kurejesha utawala wa sheria mahali kama Mocímboa da Praia kulihitaji bunduki, na wako waliotoa maisha yao kwa ajili hiyo. Lakini bunduki hulinda kilichojengwa, haijengi. Familia haiamui kubaki kijijini kwa kusikia tangazo kwamba pako salama. Huamua jioni, jua linapozama nyuma ya minazi, mtoto anapofungua daftari, na mama anapomwona anayebisha mlangoni kabla hajamfungulia. Taa hiyo inatokana na paneli, na vilevile inatokana na ukuta uliopakwa chokaa, waya uliofungwa kwa uangalifu, na askari ambaye mwenye nyumba hana sababu ya kumwogopa. Mwenye kupanga umeme wa wananchi na avipange vyote hivyo pamoja.