Umepita kwa Mjumbe?

Msikilizaji, tarehe za uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 ulizisikia: kujiandikisha mwisho ilikuwa Oktoba 20, kupiga kura Novemba 27. Kinachotukera sisi ni barua.

Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, anataka kufungua akaunti benki, au kumdhamini nduguye polisi. Anaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Anafika ofisini, kabla hajakaa anaulizwa: "Umepita kwa mjumbe?" Mjumbe yupi? Mjumbe wa nyumba kumi, yule mwenye bendera ya kijani nje ya nyumba. Mjumbe wa chama tawala, CCM! Tandika ni hivyo, Manzese ni hivyo, Tandale ni hivyo.

Enzi za chama kimoja hilo halikuwa na utata. Chama kilishika hatamu, na sukari ilipoadimika miaka ya 1980, hata mgawo ulipita kwa mjumbe. Lakini Julai 1, 1992 chama kimoja kilikoma kisheria. Mjumbe akabaki.

Tukumbuke tulifikaje pale. Upepo wa vyama vingi ulianza kuvuma mbali: Poland, wapiga kura walikiangusha chama tawala Juni 1989, na Januari 1990 chama chenyewe kikajivunja. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Jaji Nyalali ikusanye maoni. Takriban watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri vyama vingi hata hivyo, kwa kuwajali wale wachache. Ile ilikuwa busara kubwa. Tume hiyohiyo ikataja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ikashauri na katiba mpya. Tukachukua vyama, mengi mengine tukayaweka kiporo. Na mjumbe akabaki.

Haya tunayasema kwa sababu mwenye muhuri ni mtaa, na Novemba 27, 2024 ilikuwa siku ya kuchagua mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anaweza kutamka hata leo kwamba barua haipitii chama chochote. Ndiyo maana tulikuwa na wasiwasi uchaguzi ule kusimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa iliyokuwa chini ya Ofisi ya Rais, badala ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama kadhaa vikajitoa. Wasimamizi, uchaguzi ujao msimwengue mtu kwa herufi iliyokosewa kwenye fomu!

Nawe msikilizaji, uandikishaji wa mtaa ukifunguliwa tena, usikae. Mwaka 2024 kadi yako ya Tume haikukuingiza kwenye orodha ile. Ile ilikuwa nyingine, ya wapiga kura wa mtaa wako. Mpangaji, nenda. Mama lishe wa Temeke, acha sufuria kwa jirani, nenda. Kijana wa bodaboda Kinondoni, paki dakika chache, nenda. Na mgombea akibisha hodi, awe wa kijani au wa rangi yoyote, muulize: barua yangu itapita kwa nani? Akisitasita, muulize tena, mbele ya majirani.