Wajibu wa Mwenye Bima
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Mwabungo)



Leo hatukuja kwa habari ya mishahara. Twataka kusema habari ya bima, kwa kuwa wengi wetu sasa tuna pikipiki, na zamu ya hotelini ikiisha kule Diani, mtu huchukua abiria wa Ukunda au Msambweni apate cha kuongeza nyumbani.

Mwenzetu mmoja alifanya hivyo. Siku ya kununua bima alikuwa na haraka. Ajenti akajaza fomu, yeye akatia sahihi bila kuisoma. Fomu ikasema pikipiki ni ya matumizi ya binafsi, basi. Hata walipoanguka na abiria akavunjika mguu, kampuni ilikataa kulipa. Tulikasirika, tukaenda naye, tukaonyeshwa fomu, na sahihi ilikuwa yake. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, yalazimisha bima imlinde abiria ikiwa chombo chachukua watu kwa malipo au kwa ajili ya kazi yao. Cha binafsi hakilazimishwi. Mama yule akabaki kumtazama mwenzetu, na mwenzetu hana kitu ila mshahara.

Kwa hiyo jueni kwamba sahihi ni yako, si ya ajenti. Kama Kiingereza cha fomu ni kigumu, usione haya, njoo tuisome pamoja. Sema chombo chafanya kazi gani, ni nani huendesha, na kama kimewahi kupata ajali. Na uulize wanunua nini, maana bima ya mtu wa tatu hailipi pikipiki yako wala mguu wako wewe.

Juu ya ada, Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima chakataza kampuni kuchukua dhamana kabla haijapokea pesa. Kumwambia ajenti "nitalipa mwisho wa mwezi" si bima. Dai risiti ya kampuni, na utazame kama jina lake limo katika orodha ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Watu wa matatu hawajasahau United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, zilipowekwa chini ya msimamizi na wenye madai wakabaki kungoja.

Ajali ikitokea, mpeleke majeruhi hospitali ya Msambweni kwanza. Huko si kukubali kosa, ni utu. Lakini usiahidi malipo pale barabarani. Arifu polisi na kampuni upesi, ndani ya siku zilizoandikwa katika mkataba, na usitengeneze chombo kabla mkaguzi wao hajakiona. Wala usiongeze kioo ambacho hakikuvunjika, maana uwongo wa kioo kimoja waweza kuharibu dai zima.

Na kazini je? Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ada ya bima ni juu ya mwajiri. Wajibu wetu ni kumwarifu. Ukiungua jikoni, lisemwe na liandikwe siku ile ile, hata kama msimamizi asema ni jambo dogo. Dai lenyewe lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali.

Jumamosi katibu atakuwa hapa tangu asubuhi. Leteni fomu zenu, hata zilizokwisha kutiwa sahihi.