Kununua Mashine Kuukuu ya Mashua

Maongezi yangu ya leo ni juu ya kununua mashine kuukuu ya mashua, yaani ile injini ifungwayo tezini mwa chombo. Nasema hasa na ninyi wa Lipingo, na wenzenu wa pwani ya Ziwa Nyasa, kwa kuwa kwenu mashine hiyo si pambo. Ndiyo inayompeleka mvuvi kwenye usipa usiku, tena ndiyo inayomrudisha kwa watoto wake asubuhi.

Ziwa hili mnalijua kuliko mimi. Kina chake hupita mita 700 mahali penye kina kirefu kabisa, na upepo wa kusini-mashariki uitwao mwera ukianza kuvuma katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, mawimbi huinuka kama ya bahari. Mashine ikizimika huko nje, hasara si fedha peke yake.

Nami nasema haya kwa sababu nilipata kukosea mwenyewe. Mimi na ndugu zangu wawili tulichanga fedha ya misimu mitatu, tukanunua mashine kuukuu iliyokuwa iking'aa kwa rangi mpya. Mwuzaji aliivuta kamba mara moja tu, ikaguruma, wala haikutoa moshi. Tukapeana mikono kwa furaha. Katika wiki ya tatu, tukiwa mbali na pwani, ilikaza ghafula, na kamba haikuvutika tena. Tulipiga kafi usiku kucha, tukafika alfajiri bila samaki na bila nyavu, kwa maana tulizikata ili chombo kiwe chepesi. Fundi alipoifungua mashine alituonyesha pistoni iliyokwaruzika na kushikamana na ukuta wa silinda. Hakutulaumu, ila aliuliza neno moja: “Huyo aliyewauzia alikuwa akichanganya oili kiasi gani?” Hatukuwa na jibu. Ndipo nilipofahamu kwamba swali hilo lilipasa kuulizwa na sisi, tena kabla ya kutoa fedha.

Basi na tutazame kwa nini swali hilo ni kubwa. Mashine nyingi kuukuu za mashua ni za mipigo miwili. Katika injini ya gari, oili hukaa mahali pake peke yake, nayo huzunguka humo humo ikilainisha vyuma. Katika mashine ya mipigo miwili sivyo. Oili huchanganywa na petroli, hupita pamoja nayo tumboni mwa injini, hulainisha vyuma, kisha huungua na kutoka kama moshi. Kwa sababu hiyo mashine hii ni nyepesi, ina vyuma vichache, na huwaka mara moja katika kila mzunguko. Lakini kwa sababu hiyo hiyo maisha yake yote yamo mkononi mwa yule achanganyaye mafuta. Siku moja ya kusahau oili yaweza kuharibu kazi ya miaka kumi.

Maarifa haya si mageni. Mwingereza Joseph Day wa mji wa Bath alipata hataza ya injini ya namna hii mwaka 1891, na mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyekaa Milwaukee huko Marekani, alianza kuuza mashine za kufunga tezini. Injini za ukoo huo zimo pia katika misumeno ya kukatia miti, katika pikipiki nyingi za zamani, na katika mashine za mgongoni za kunyunyizia dawa mibuni kule milimani Mbinga. Kwa hiyo hata msikilizaji asiye mvuvi atapata faida katika haya nitakayoyasema.

Kwanza, mwulize mwuzaji habari, kisha utazame dumu lake la mafuta. Mwulize achanganya kiasi gani, bila kumtajia jibu. Mashine nyingi za sasa za namna hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani lita 20 za petroli kwa oili nusu lita kasoro kidogo, ndiyo mililita 400. Nyingine hutaka zaidi, na nyingine zina pampu yake ya oili. Kitabu cha mashine ndicho hakimu. Lakini mtu akikujibu kwamba hutia oili kwa kukisia, au hutia oili ya gari kwa kuwa ni rahisi, umekwisha kujua nusu ya habari. Tazama tena kama ana chombo cha kupimia. Asiye na kipimo hapimi.

Pili, mwambie mapema kwamba unataka kuikuta mashine ikiwa baridi. Ufikapo, iguse kichwani kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, mwuzaji amekwisha kuiwasha kabla hujafika, na labda amekuficha taabu ya kuiwasha asubuhi. Usigombane naye, kaa kivulini, ngoja ipoe.

Tatu, fungua plagi uzitazame. Ncha yenye rangi ya kahawia, kama buni iliyokaangwa kidogo, ni dalili njema. Nyeupe kama majivu huonyesha kwamba mashine ilikuwa ikipata joto kupita kiasi. Nyeusi na yenye utelezi huonyesha kwamba mafuta hayaungui sawasawa. Kisha rudisha plagi mahali pake, hakikisha mashine haiwezi kuwaka, uvute kamba polepole. Utasikia mkono wako ukizuiwa kila pistoni inapopanda. Mashine yenye silinda mbili yapasa kuzuia sawasawa mara zote mbili. Kama fundi wako ana kipimo cha mbano, na akitumie. Silinda moja ikipungua zaidi ya sehemu moja katika kumi kuliko mwenzake, hapo pana ugonjwa.

Nne, shuka chini penye gia. Mashine ikiwa imesimama wima na baridi, legeza kidogo skrubu ya chini ya oili ya gia. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo, hutoka kwanza. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa maana yake mpira wa kuzuia maji umekufa. Ukiona chembe za chuma ndani yake, funga skrubu na uage kwa adabu. Zungusha pia rafadha, ambayo wengi huiita propela, utazame kama mhimili wake unayumba. Ukiyumba, ulipata kugonga mwamba.

Tano, uliza mashine imetoka wapi. Ziwa Nyasa ni maji matamu, lakini mashine iliyoletwa kutoka pwani ya bahari huja na chumvi tumboni. Tazama kama pana unga mweupe penye bolti na penye njia za maji. Chumvi huziba njia hizo, na bolti zilizoliwa hukatika fundi anapozifungua. Na rangi mpya isikuvute macho. Bali jiulize inafunika nini. Bolti zenye alama za spana hueleza kwamba mashine imepata kufunguliwa. Basi uliza ilifunguliwa kwa sababu gani.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ijaribu majini kwa mafuta uliyoyachanganya wewe mwenyewe. Usikubali iwashwe pwani katika hewa tupu, kwa kuwa gurudumu dogo la mpira lililomo katika pampu ya maji huungua upesi likikosa maji. Mashine ikiwaka, tazama ule mchirizi wa maji utokao ubavuni. Ukiwa hafifu, au ukikatika, pampu imechoka au mchanga umeziba njia. Moshi kidogo wa rangi ya buluu usikutie hofu, ndiyo desturi yake. Mashine ya mipigo miwili isiyotoa moshi hata kidogo wakati wa kuwashwa ndiyo ya kushukiwa, maana huenda imetiliwa oili kidogo ili mnunuzi apendezwe. Hivyo ndivyo tulivyodanganywa sisi. Kisha pakia watu, mwende nayo karibu na pwani kwa nusu saa, polepole na kwa nguvu, na kwenda nyuma. Izime ikiwa ina joto, uiwashe tena papo hapo. Mashine mbovu huweza kujizuia dakika tano. Nusu saa haiwezi.

Saba, hesabu vipuri kabla ya kuhesabu noti. Uliza dukani kama pampu, plagi na ringi za chapa ile hupatikana. Hata chapa ya Evinrude, niliyomtaja mwanzilishi wake, iliacha kutengenezwa mwaka 2020. Mashine nzima isiyo na vipuri ni sawa na chungu kizuri kilicho mbali na moto.

Mwisho, taka hati ya manunuzi, uilinganishe namba yake na ile iliyopigwa katika mashine. Namba ikiwa imekwaruzwa, usinunue hata ukiuziwa kwa bei ya kuku, kwa maana mali ya wizi hurudi kwa mwenyewe na wewe hubaki na kesi. Mkikubaliana, andikianeni mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi.

Wasikilizaji wangu, labda mtu atasema, “Mambo haya ni mengi, na mwuzaji atachoka nami.” Na achoke. Mwenye mashine njema hachoki kuionyesha. Mnunuapo mashine kuukuu hamnunui chuma tu, mnanunua na mkono wa yule aliyeitunza. Nanyi mkiisha kuichukua, mkono huo ni wenu: pimeni oili kila siku, hata siku mnayofanya haraka, na msitoke pasipo kafi mbili chomboni. Siku moja mtakapoiuza, mtu atakuja kuwauliza swali lile la fundi. Mwe na jibu.