Hatari Iliyo Ndani ya Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama)



Tukisikia neno jeuri, wengi tunawaza mara moja watu wa bunduki. Ni haki, juu ni wao walitufanya tuvuke ziwa mpaka Nyarugusu. Lakini sikilizeni hesabu ya inchi yetu.

Katika uchunguzi wa serikali juu ya afya, 2013-2014, waliuliza wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Kwa kila 100, 52 walisema wamekwisha kupigwa tangu wafikishe miaka 15. 27 walisema wamefanyiwa jeuri ya ngono. Kati ya wale walioolewa, 57 kwa 100 wameumizwa na bwana: kwa kipigo, kwa maneno ya kudharau, ao kwa kulazimishwa kitandani.

Daftari la hospitali halionyeshi hesabu kubwa hivyo. Daftari linaandika yule aliyefika. Uchunguzi ulimuuliza mwanamke mmoja katika nyumba, peke yake, bila mtu kusikia. Basi, wengine wanabakia wapi? Hawana franga za moto. Wanaambiwa "vumilia, ni mambo ya nyumba". Ao wazee wanakaa, mbuzi inatolewa, kesi inaisha. Na kwetu tuliorudi, mama anaishi katika chumba cha kuazima kwa jamaa ya bwana. Akisema, atalala wapi?

Tujue mambo mawili. Aliyebakwa afike hospitali mbele ya saa 72, apewe dawa ya kuzuia virusi vya SIDA; akiwahi zaidi, ni vizuri zaidi. Na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inatoa miaka 5 mpaka 20 ya kifungo kwa ubakaji. Mbuzi haifuti kosa hilo.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kitenge franga kidogo za moto, na kichague mama mmoja mwenye kutunza siri, atakayemsindikiza mwenzake. Wafadhili wetu, mkubali ripoti yenye hesabu ya safari bila majina, juu jina likitoka, hakuna mama mwingine atakayekuja.

Na mwaka kesho, hesabu yetu ikipanda, msishituke haraka. Pengine jeuri haikuongezeka. Ni wamama walioanza kusema.