Mpira Usomwe Kwanza: Kumrekebisha Chipukizi wa Gofu Anayekosa Mstari wa Shabaha

Mada kwa makocha wa gofu ya watoto na vijana



Ukipita jioni kwenye uwanja wa mazoezi, uwe Lugalo, Gymkhana ya Arusha au Klabu ya Moshi, hukosi kusikia sauti nyuma ya mtoto aliyekosea: "Umeinua kichwa!" Anayesema huenda ni mzazi, kedi mkongwe, au kocha mwenyewe. Mtoto anainamisha kichwa, anakaza shingo, anapiga tena, na mpira unakwenda kulekule. Nimekuja kuwaomba tuache mazoea hayo. Mpira ukishatoka nje ya mstari, safari yake yenyewe inatueleza kilichotokea, na mara nyingi inatupeleka kwenye uso wa fimbo na jinsi mtoto alivyolenga. Tuisome kwanza safari hiyo, ndipo tumguse mtoto.

Nitazungumzia mchezaji wa mkono wa kulia. Kwa wa kushoto, geuzeni pande.

Ulianza wapi, ukapinda wapi

Makocha wengi walifundishwa kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea ulikotazama uso wa fimbo. Vipimo vya rada kama TrackMan vimeonyesha mambo kwa namna nyingine. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde, na katika kitambo hicho uso wa fimbo ndio unaoamua sehemu kubwa ya mwelekeo wa mwanzo: kama robo tatu kwa aironi, na zaidi ya hapo kwa draiva. Kupinda angani hutokana na tofauti kati ya uso na njia. Uso ukitazama kulia kwa njia, mpira hupinda kulia. Ukitazama kushoto kwa njia, hupinda kushoto.

Kwa hiyo maswali ni mawili: mpira ulianzia upande gani wa mstari, na baada ya hapo ukaelekea wapi? Mpira ulionyooka moja kwa moja kulia na mpira ulioanza kushoto kisha ukakata kulia huweza kuishia kwenye kichaka kimoja, lakini dawa zake hazifanani. Kwa ule wa kwanza, uso na njia vimekubaliana, kwa hiyo angalia mtoto alivyosimama. Kwa ule wa pili, fimbo imetoka nje na kuvutwa ndani, na uso umebaki wazi. Mfundisheni mtoto ajibu maswali hayo mwenyewe kabla ninyi hamjafungua mdomo. Mtoto wa miaka kumi anaweza, tena hufurahi kuulizwa.

Makosa yenyewe ni madogo kuliko tunavyodhani. Digrii 1 tu ya mwelekeo, kwa umbali wa mita 150, humtoa mchezaji nje ya mstari kwa mita 2.6. Digrii 4 ni zaidi ya mita 10. Huwezi kuiona digrii 1 kwa macho wakati fimbo inapita, ndiyo maana ninasisitiza tuutazame mpira.

Kabla ya kutoa hukumu, pakeni uso wa fimbo chaki ya ubaoni. Mpira utaacha alama, nanyi mtajua umegusa katikati, kwenye ncha au karibu na mpini. Hili ni muhimu hasa kwa draiva, kwa kuwa uso wake umetuna: mpira uliogonga ncha huzungushwa ukarudi kushoto, na uliogonga upande wa mpini hukata kulia. Mtoto wa namna hiyo hana haja ya kubadilishiwa mshiko. Anahitaji kujifunza kuugusa mpira katikati.

Mtego wa kulenga kushoto

Hapa ndipo tunapowapoteza watoto wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtazameni binti wa miaka 12 mwenye aironi namba 7. Mpira wa kwanza umepinda kulia. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini ana akili, basi anasogeza miguu kushoto kidogo. Wa pili unapinda zaidi. Anasogea tena. Ndoo ya mipira ikikaribia kuisha, mabega yake yanatazama miti ya pembeni na uso wa fimbo bado unatazama bendera, kwa sababu bendera ndiyo anayoitaka. Miguu na mabega vimeipeleka njia ya fimbo kushoto, uso haukwenda nao, na pengo kati yao limepanuka. Kila hatua aliyopiga kujiokoa imeongeza ugonjwa. Ukimwambia mtoto huyo "lenga kushoto zaidi," unamzamisha.

Mtoeni humo kwa fito mbili za mwanzi. Moja ilazwe mbele kidogo ya mpira ikielekea bendera, nyingine mbele ya vidole vya miguu, zikienda sambamba kama reli. Fito ya miguu isielekee kwenye bendera. Iende kushoto kwake, sambamba na mwenzake. Watoto wengi, na wazazi wao, huamini miguu ndiyo inayopaswa kutazama shimo.

Kisha shikeni mkono wa kushoto wa mtoto. Akitazama chini anaona vifundo vingapi vya vidole? Akiona kimoja au hakuna, mkono umegeukia kushoto mno na uso utafika ukiwa wazi. Ugeuzeni taratibu mpaka aone viwili au vitatu, na fimbo ilale kwenye vidole, isizame kiganjani. Atalalamika kwamba mshiko haumkai. Mipira ya mwanzo itatoka moja kwa moja kushoto, na mzazi aliye pembeni atadhani mmemharibu mwanawe. Msirudi nyuma: uso umeanza kufunga, na sasa njia ndiyo iliyobaki. Mtoto akiona mipira inakwenda kushoto, mwili wake wenyewe huanza kuipeleka fimbo kulia. Tukitaka kurekebisha njia wakati uso bado uko wazi, kila pigo jema litamwadhibu kwa kumpeleka kulia, na ataacha kutuamini.

Fito, hata hivyo, ni za mazoezi. Tangu Januari 2019 kanuni za gofu zinakataza kedi kusimama makusudi nyuma ya mpira kwenye mstari mara mchezaji anapoanza kuchukua nafasi yake ya kusimama. Pia ni marufuku kulaza fimbo chini kuonyesha mwelekeo na kusimamia hapo. Adhabu ni mikwaju miwili, hata ukiiondoa kabla ya kupiga. Kwa hiyo mtoto ajifunze mapema alichokuwa akifanya mchezaji mashuhuri Jack Nicklaus: kusimama nyuma ya mpira, kuchagua jani au alama iliyopo tayari hatua moja mbele kwenye mstari, kuelekeza uso wa fimbo hapo, ndipo apange miguu.

Fimbo zenyewe

Watoto wetu wengi huanza na fimbo za watu wazima zilizokatwa. Naelewa sababu, fimbo za watoto ni ghali na ni adimu. Lakini fimbo iliyokatwa huwa ngumu kupinda na kichwa chake hubaki kizito, hivyo mikono midogo huchelewa kuufunga uso. Isiyokatwa ikamzidi urefu hunyanyua ncha, na uso hutazama kushoto. Msimlaumu mtoto kwa kosa la fimbo. Klabu yenye seti mbili tatu za saizi halisi za watoto, zikazungushwa kwa zamu, imefanya kazi kubwa.

Tunavyosema nao

Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba wanaoanza gofu hupiga kwa shabaha bora wakielekezwa fikra kwenye mwendo wa fimbo kuliko kwenye mikono yao. Basi badala ya "geuza kifundo cha mkono," mwambieni "ipeleke fimbo juu ya lile jani." Jambo moja kwa siku linatosha.

Kwa wanaosafiri na timu: Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira hupinda kidogo kuliko Dar es Salaam. Mtoto aliyenyooka kule Arusha akishuka pwani, hewa nzito na upepo wa bahari humwonyesha mpindo aliokuwa nao tangu mwanzo. Msimbadilishe mshiko usiku wa kuamkia mashindano. Mwacheni alenge kwa kuukadiria mpindo huo kwa siku za mashindano. Najua nimeuita mtego, na kama mazoea ni mtego kweli, ila kwenye mashindano ndicho alichonacho mkononi. Kedi wake aandike kwenye daftari, pigo kwa pigo, mpira ulianzia wapi na ukapinda wapi. Jumatatu mtakaporudi uwanja wa mazoezi, anzeni na daftari hilo.